Nairobi Hadi New York: Ni Mwendo wa Saa Ngapi?

Swali la kwanza la mtu anayekwenda Marekani kwa mara ya kwanza huwa ni hilo. Akiiuliza simu yake, atajibiwa upesi: kutoka uwanja wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi uwanja wa John F. Kennedy, New York, ni kilomita 11,838. Ndege kubwa za siku hizi huenda kilomita 900 hivi kwa saa. Ukigawanya, unapata saa 13 na dakika chache. Msafiri anaridhika, anatia simu mfukoni na kuanza kufikiria zawadi za wajukuu.

Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haimfai msafiri. Shangazi yangu alitoka kwake Tanga saa mbili asubuhi, siku ya Ijumaa, mwezi wa Januari. Alipovuka kizingiti cha nyumba ya binti yake mjini Columbus, Ohio, zilikuwa zimepita saa 38. Kati ya 13 za kwenye simu na 38 za shangazi kuna saa 25, na humo ndimo mtu anamopotelea, anamochokea, au anamokosea ndege. Nimeshawasindikiza ndugu wengi kwenye njia hii na kuipita mwenyewe, na nimeona kwamba wanaoumia si wasiojua umbali. Ni wale waliojua umbali wakadhani wamejua safari.

Hata hivyo, umbali wenyewe una mambo yake. Chukua ramani ya ukutani, weka rula kutoka Nairobi hadi New York. Rula itapita juu ya kaskazini ya Nigeria na kutokea baharini karibu na Mauritania. Ndege haifuati njia hiyo. Dunia ni mviringo, na ukitaka kuona njia fupi, chukua tufe la shuleni, shika uzi mwisho mmoja Nairobi na mwingine New York, kisha uukaze. Uzi utapanda kaskazini-magharibi, upite juu ya Chad na Niger, ukate jangwa la Algeria, utoke Afrika kwenye pwani ya Morocco. Juu ya Atlantiki utapanda hadi kuipita New York yenyewe upande wa kaskazini, halafu ushuke kuifikia. Njia ya rula ni ndefu kuliko ya uzi kwa zaidi ya kilomita 300. Kwa hiyo ukiwa kiti cha dirishani, ukiona kwenye skrini kwamba ndege inaelekea Sahara badala ya kwenda moja kwa moja baharini, tulia. Rubani hajapotea.

Lakini hata uzi huo ni wa kwenye tufe tu, maana angani kuna mipaka kama ardhini. Anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za abiria vita vilipozuka Aprili 2023. Agosti mwaka huohuo Niger nayo ilifunga anga lake kwa karibu mwezi mzima baada ya mapinduzi, na ndege zilizokuwa zikikatiza Sahara zikalazimika kuizunguka. Kila mzunguko wa namna hiyo unakula mafuta na muda. Ndiyo maana muda ulioandikwa kwenye tiketi yako ni wa kuaminika kuliko hesabu ya kugawanya kilomita kwa mwendo. Shirika linajua njia itakayofuatwa, linajua foleni ya kuruka na ya kutua, na limeshaingiza yote hayo.

Kenya Airways ilianza kuruka Nairobi–New York bila kutua njiani tarehe 28 Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787. Muda wake ni saa 15 hivi kwenda na saa 14 hivi kurudi. Watu wengi huniuliza kwa nini kurudi ni kufupi, na wengine wanalo jibu tayari: eti dunia inazunguka, basi ndege ikirudi dunia inaijia. Sivyo. Hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Sababu ni upepo. Juu kule, kwenye kilomita 9 hadi 12 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi kasi yake yaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ndege inayotoka Nairobi hukutana nayo uso kwa uso juu ya Atlantiki, na inayorudi husukumwa nayo mgongoni. Mabaharia wetu wa majahazi walijua tangu zamani kwamba safari ya kusi na safari ya kaskazi hazilingani siku. Huko juu nako ni vivyo hivyo.

Liko jingine, linalohusu ndege hii kuondoka Nairobi usiku. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na ikipata joto la mchana inazidi kuwa nyepesi, hivyo mabawa na injini hupata nguvu ndogo. Ndege iliyojaza mafuta ya saa 15 ni nzito mno. Baridi ya usiku huisaidia kuinuka. Addis Ababa, iliyo juu zaidi, ndege zake za Washington zimezoea kutua njiani kuongeza mafuta zinapokwenda, lakini zikirudi huja moja kwa moja, kwa sababu Washington iko chini. Kwa hiyo mtu akikuambia safari ni "ya moja kwa moja", muulize: kwenda, kurudi, au kote kuwili?

Sasa nije kwenye saa, kwa maana hapa ndipo nimeshuhudia machozi.

Tiketi ya kwanza ya shangazi haikupitia Nairobi. Ilikuwa ya kuondokea Dar es Salaam, na iliandikwa 00:35, Jumamosi. Mimi ndiye niliyeisoma. Shangazi aliniuliza, "Ni usiku wa Jumamosi, siyo?" Nikamjibu ndiyo. Tukafika uwanjani Jumamosi saa tatu usiku, magari mawili, watoto na watu wazima, mabegi yamefungwa kamba. Ndege ilikuwa imeshaondoka zaidi ya saa 20 zilizopita. Kosa lilikuwa langu, na nauli iliyopotea sitaisahau.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba shangazi alikuwa ameuliza sawasawa. Kwa wazee wa pwani, usiku hutangulia mchana wake. Siku huanza jua likitua. Usiku wa Jumamosi kwake ni ule unaoanza Ijumaa magharibi, ambao redioni huitwa usiku wa kuamkia Jumamosi. Mimi nilimjibu kwa hesabu ya siku hizi, ya kwamba usiku wa Jumamosi ni baada ya mchana wa Jumamosi. Lau ningemwachia hesabu yake ya zamani, angefika uwanjani kwa wakati. Tangu siku hiyo, kila tiketi yenye saa inayoanzia 00:00 hadi 04:59 naitamka hivi: "usiku wa kuamkia". Tiketi ya 00:35 Jumamosi maana yake unatoka nyumbani Ijumaa jioni na kufika uwanjani saa tatu usiku, Ijumaa.

Mtego wa pili ni saa za Kiswahili zenyewe. Sisi twahesabu kuanzia macheo, tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita. 07:00 ni saa moja asubuhi, wala si saa saba. 13:00 ni saa saba mchana. 23:30 ni saa tano na nusu usiku. Ukimsomea mzee tiketi kwa simu, usimtajie tarakimu za kwenye karatasi. Mtajie saa anayoijua, na utaje kabisa kama ni asubuhi, mchana, jioni au usiku. Tiketi zinazoandika 12:00 pamoja na herufi za Kiingereza za asubuhi na mchana huwachanganya hata wasomi. Omba ubadilishiwe iandikwe kwa mtindo wa saa 24.

Mtego wa tatu ni tofauti ya majira kati ya huku na kule. Sisi wa Afrika Mashariki hatubadilishi saa mwaka mzima. New York hubadilisha: Jumapili ya pili ya Machi saa zinasogezwa mbele, na Jumapili ya kwanza ya Novemba zinarudishwa nyuma. Kwa hiyo kuanzia Novemba hadi Machi sisi tuko mbele yao kwa saa 8, na kuanzia Machi hadi Novemba kwa saa 7. Mwenyeji wako anayekungoja uwanjani anapaswa kujua hilo, na wewe pia, hasa ukisafiri karibu na Jumapili hizo mbili.

Fuata mfano. Ndege inatoka Nairobi 23:30, saa tano na nusu usiku, Ijumaa, mwezi wa Januari. Ongeza saa 15: kwa saa ya Nairobi ni 14:30 Jumamosi, saa nane na nusu mchana. Toa 8. New York ni 06:30, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi hiyohiyo. Kurudi: inatoka New York 12:30, saa sita na nusu mchana, Jumapili. Ongeza saa 14, utapata 02:30 ya Jumatatu kwa saa ya New York. Ongeza 8. Nairobi ni 10:30, saa nne na nusu asubuhi, Jumatatu. Anayekwenda huona kama ametumia saa saba tu; anayerudi huona kama ametumia 22. Mwili hauangalii karatasi, wenyewe umekaa kitini saa 15 na 14.

Ushauri wangu ni huu: vaa saa ya mkononi, na usiibadilishe mpaka ufike mlangoni kwa mwenyeji wako. Simu itajibadilisha yenyewe ikipata mtandao. Saa ya mkononi ibaki na saa za nyumbani. Ndivyo utakavyojua ni muda gani umepita tangu ulipokula, tangu ulipolala, na zaidi ya yote tangu ulipomeza dawa. Shangazi ana sukari na vidonge vyake ni vya kila baada ya saa 12. Angefuata saa za kuta za viwanja alivyopitia angevikosea vyote. Mwenye dawa za sukari, hasa ya sindano, akae na daktari wake kabla ya safari wapange saa hizo kwa maandishi, na dawa zisiwekwe kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege.

Safari ya Januari ina ajabu yake. Jua lilizama Nairobi saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Ndege iliporuka usiku ule ilielekea magharibi, alfajiri ikawa inaifukuza kwa nyuma. Mpaka wanatua New York bado ni giza, na jua la huko mwezi huo huchomoza kiasi cha saa moja na dakika ishirini asubuhi. Usiku mmoja wa zaidi ya saa 20. Shangazi anasema alifungua dirisha mara tatu, na kila mara akaona nyota. Anayefunga, au anayechunga vipindi vya sala, azungumze na shehe wake mapema kuhusu usiku wa namna hiyo, maana ukiwa hewani hakuna muadhini.

Kwa sisi tunaoanzia Dar es Salaam, hakuna ndege ya moja kwa moja hadi New York, lazima kuunganisha. Kupitia Nairobi hakuongezi umbali wa maana: Dar hadi Nairobi ni kilomita 670 hivi, na jumla ya safari hupishana na mstari ulionyooka kwa chini ya kilomita 100. Kupitia Doha, unaruka kilomita 3,800 kwenda kaskazini-mashariki, kisha 10,780 kurudi magharibi. Jumla yake ni kama kilomita 14,600, yaani zaidi ya kilomita 2,000 juu ya mstari ulionyooka. Hewani utakaa karibu saa 6 za kwanza na kama 14 za pili. Lakini sikuambii uikatae njia ya Ghuba. Mara nyingi nauli yake ni nafuu, na kinachoamua uchovu si kilomita bali ni muda wa kungoja katikati. Saa mbili na nusu hadi nne za kungoja ni nzuri. Chini ya hapo, ndege ya kwanza ikichelewa kidogo tu uko mashakani. Juu ya saa kumi, mtu mzima analala kwenye viti vya chuma. Ukiona nauli imeshuka sana kuliko nyingine, tazama kwanza saa za kungoja kabla hujafurahi. Na anayepitia Uingereza au nchi za Ulaya aulize mapema kuhusu viza ya kupita, hata kama hatatoka nje ya uwanja.

Hakikisha safari yote imo kwenye tiketi moja. Anayenunua Dar–Nairobi huku na Nairobi–New York kule ili aokoe pesa, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni naye wala halimjui. Tiketi yake imeungua. Kwenye tiketi moja, ukicheleweshwa, ni kazi yao kukutafutia ndege nyingine.

Kisha kuna Marekani yenyewe. Watu wetu wengi hawaishii New York. Wanakwenda Minneapolis, Dallas, Columbus. Sheria ambayo haijulikani vya kutosha ni hii: kwa kawaida mizigo huchukuliwa kwenye uwanja wa kwanza unaoingilia Marekani, hata kama huku Dar uliambiwa itafika mpaka mwisho. Utapanga foleni ya uhamiaji, utachukuliwa alama za vidole na picha, utayangoja mabegi yako, utapita nayo forodha, kisha utayakabidhi tena kwa ajili ya ndege inayofuata, na kukaguliwa upya wewe mwenyewe. Asubuhi, ndege nyingi zikitua pamoja, hayo yote yanaweza kukumalizia saa mbili hadi tatu. Kwa hiyo ndege ya kuunganisha ya baada ya saa moja na nusu ni mtego. Mimi huomba saa nne. Nyama, matunda mabichi na mbegu viache nyumbani, na chakula chochote ulichobeba kitaje unapoulizwa. Embe moja lililofichwa laweza kukukosesha ndege.

Angalia pia herufi tatu za uwanja. New York ina JFK na LGA, na wengi huihesabu pamoja na EWR, ambao ni Newark, katika jimbo jirani la New Jersey. Ukitua JFK na kuondokea EWR utalazimika kuvuka jiji zima pamoja na mabegi. Mzee asiyejua Kiingereza asikatiwe tiketi ya namna hiyo kwa nafuu yoyote ile. Badala yake mwombee huduma ya kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, hata kama anatembea vizuri. Huduma hiyo haina malipo, na anayemsukuma anajua njia zote.

Kuhusu mwili nitasema machache. Saa 15 za kukaa huvimbisha miguu na huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu, kwa hiyo inuka utembee kila baada ya saa mbili unapokuwa macho, chezesha vifundo, kunywa maji. Ukifika, usingizi utakuwa umepinduka. Wengi huhitaji kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kurudi mashariki huwa kugumu kuliko kwenda magharibi. Wiki ya kwanza baada ya kurudi usijipangie msiba wa kusimamia wala arusi ya kupika, kama una hiari.

Hizo ndizo saa 38 za shangazi: basi kutoka Tanga, mapumziko mafupi Dar, ndege ya kwenda Nairobi, usiku ule mrefu, saa nne na nusu za JFK, ndege ya saa mbili kwenda Columbus, na gari la mkwewe. Hakuna hata moja iliyopotea njiani, kwa sababu safari ya pili aliipanga yeye. Alinitaka nimwandikie karatasi moja tu ya kutia kwenye mkoba: kila ndege, siku na saa kwa Kiswahili, saa za huko na saa za nyumbani pembeni yake, na namba ya simu ya binti yake chini. Mzee wako akisafiri, mwandikie karatasi hiyo kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, kisha mwambie akusomee kwa sauti, na penye usiku muulize anauita usiku wa siku gani.